Mto Uliowaka na Meya Asiyekuwa na Saini

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye mchana ni ofisa mazingira katika halmashauri mojawapo ya nchi hii na jioni huja darasani, alibaki nyuma baada ya kipindi. Alitoa mkobani nakala ya barua. Kiwanda kimoja kilichomo katika eneo lake la kazi kilikuwa kimeruhusiwa kutiririsha majitaka mtoni. Halmashauri yake haikuwa imeandikiwa barua ile. Ilitajwa chini kabisa, mahali paandikwapo "Nakala kwa taarifa".

"Dokta," aliniambia, "maji yakibadilika rangi wananchi hawaendi bondeni wala wizarani, wanakuja kwetu. Diwani anasimama kwenye baraza anatuuliza sisi. Sasa mimi nitamjibu nini kuhusu kibali nilichokiona kikiwa kimekwisha kusainiwa?"

Sikumpa jibu siku ile, kwa sababu jibu jepesi lingekuwa la uongo. Nilimwahidi kwamba nitamsimulia habari ya meya mmoja aliyewahi kusimama mahali hapohapo aliposimama yeye, miaka zaidi ya hamsini iliyopita, katika nchi tajiri kuliko yetu. Nayaandika haya kutimiza ahadi hiyo, na kwa ajili ya wengine wanaobeba barua za namna ile mikobani mwao.

Meya huyo aliitwa Carl Stokes. Alichaguliwa Novemba 1967 kuongoza Cleveland, mji wa jimbo la Ohio ulio kando ya Ziwa Erie, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji mkubwa nchini humo. Mji alioukabidhiwa ulikuwa umetajirishwa na viwanda. Hapo ndipo John D. Rockefeller alipoanzisha kampuni yake ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1870, na hapo ndipo viwanda vya chuma, rangi na kemikali vilipojipanga kandokando ya Mto Cuyahoga unaoupasua mji na kuingia ziwani. Kwa takriban karne moja mto huo ulikuwa barabara ya meli, kisima cha viwanda na jalala lao kwa wakati mmoja.

Jumapili tarehe 22 Juni 1969, muda mfupi kabla ya adhuhuri, mto huo ulishika moto. Mafuta na takataka zilizokuwa zikielea juu ya maji ziliwaka, huenda kwa cheche iliyodondoka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikipita. Moto ulizimwa katika muda wa nusu saa hivi. Madaraja mawili ya reli yaliharibika, na hasara ilikadiriwa kuwa dola 50,000. Hakuna picha inayojulikana ya moto wenyewe ukiwaka. Gazeti la Time lilipochapisha habari hiyo mwezi Agosti, lilitumia picha ya moto mwingine wa mwaka 1952, ambao ulikuwa mkubwa zaidi na uliteketeza mali ya thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Maana mto ule ulikuwa umekwisha kuungua mara nyingi kabla ya hapo, tangu karne ya 19. Mwaka 1912 watu watano walikufa. Wenyeji wa Cleveland walikuwa wameuzoea moto wa mto kama sisi tulivyozoea mafuriko ya Jangwani.

Vitabu vingi husimulia kwamba moto huo uliiamsha Marekani, sheria ya maji safi ikapatikana, mto ukapona. Si uongo, lakini ni hadithi iliyoruka ukurasa muhimu. Ukurasa huo ni wa Jumatatu, siku iliyofuata moto.

Siku hiyo Stokes aliwakusanya waandishi wa habari akawazungusha kando ya mto. Alikuwa pamoja na Ben Stefanski, mkurugenzi wa huduma za maji na majitaka wa jiji. Aliwaonyesha madaraja yaliyoungua, lakini hakuishia hapo. Aliwapeleka kwenye mifereji ya viwanda na kwenye sehemu ambako majitaka ya mji yenyewe na ya vitongoji jirani yalikuwa yakiingia mtoni. Kisha akaeleza jambo ambalo hadi leo watu wengi hawalijui: jiji halikuwa na mamlaka juu ya vitu ambavyo viwanda vilimwaga mtoni. Vibali vilitolewa na serikali ya jimbo, na meya akatangaza kwamba angeilalamikia serikali hiyo.

Tuelewe vizuri jinsi mambo yalivyopangwa. Tangu mwaka 1951 Ohio ilikuwa na sheria ya kudhibiti uchafuzi wa maji, na chombo cha jimbo kilichopewa kazi ya kuvipatia viwanda vibali. Juu ya karatasi hiyo ilikuwa hatua mbele. Kwa vitendo, kibali kiligeuka kuwa kinga. Kiwanda chenye kibali cha jimbo kiliweza kumwambia meya, kwa heshima zote, kwamba hili halikuhusu. Jiji lilikuwa na sheria ndogo zake zinazokataza uchafuzi wa mito, lakini zilikuwa kama upanga uliofungwa alani. Mwenye mali mmoja alikwenda mahakamani akitaka jiji lilazimishwe kuzitumia sheria hizo dhidi ya wachafuzi. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Ohio, na mwaka 1972 uamuzi wake ukawa kwamba mamlaka ya jimbo ndiyo yanayotangulia: sheria ndogo za jiji haziwezi kukipinga kibali ambacho jimbo limekwisha kutoa.

Ubaya wa mpango huo unaonekana zaidi tukitazama upande wa fedha. Novemba 1968, miezi saba kabla ya moto, wapiga kura wa Cleveland walikuwa wameidhinisha hati fungani za dola milioni 100 kwa ajili ya kuboresha mifereji na mitambo ya majitaka na kuusafisha mto. Hao walikuwa wananchi wa mji ambao viwanda vyake vilikuwa vimeanza kufungwa na wakazi wake wenye uwezo walikuwa wakihamia vitongojini. Walikubali kujitwika deni. Kwa hiyo kulikuwa na mamlaka mbili juu ya mto mmoja: moja ililipa gharama za kuusafisha, nyingine ilitia saini ruhusa ya kuuchafua, na aliyelipa hakuwa na lazima ya kuulizwa na aliyesaini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliosaini walikaa Columbus, makao makuu ya jimbo, ambako maji ya Cuyahoga hayafiki.

Ningetaka wanaharakati wanaosoma hapa watambue pia kwamba Stokes hakuwa mtu wa mto peke yake. Alijua kwamba mtu mweusi aliyeishi katika nyumba mbovu upande wa mashariki wa mji alikuwa na shida nyingi zilizomgusa kabla ya mto. Mwaka 1970, wakati taifa zima lilipoadhimisha Siku ya Dunia kwa mara ya kwanza, alieleza hadharani hofu yake kwamba hamasa ya hewa na maji ingeweza kuwasahaulisha viongozi makazi na chakula cha maskini. Hakuwa akipuuza mazingira. Alikuwa akikataa kuyatenga na maisha ya watu wanaoishi ndani yake. Kwake mfereji wa majitaka, nyumba ya kupanga na mto vilikuwa faili moja. Na hiyo ndiyo tofauti kati ya serikali ya mtaa na chombo cha kitaalamu kilicho mbali. Mtaalamu wa mbali huona kiwango cha kemikali katika lita moja ya maji. Diwani humwona mama anayemwagilia mchicha kwa maji hayohayo, na mtoto anayeoga humo akitoka shule.

Oktoba 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya maji ambayo ndiyo inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake. Rais Nixon aliikataa kwa kura ya turufu tarehe 17 akisema gharama zake ni kubwa mno. Kesho yake mabunge yote mawili yaliipitisha juu ya kichwa chake. Chini ya sheria hiyo, kumwaga uchafu mtoni kutoka kwenye bomba au mfereji bila kibali ni kosa. Kibali hakizidi miaka mitano, kisha lazima kiombwe upya. Rasimu yake hutangazwa, umma hupewa muda wa kutoa maoni, na unaweza kuomba kikao cha hadhara. Jimbo jirani ambalo maji yake yanaweza kuathiriwa lina haki ya kupeleka mapendekezo, na yakikataliwa, jimbo linalotoa kibali linatakiwa kueleza sababu kwa maandishi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Jimbo jirani limetajwa kwa jina lake. Mji ulio chini ya mkondo haukupewa nafasi hiyo ya pekee. Uliachiwa mlango wa umma, upange foleni pamoja na wananchi wote. Cleveland ilikuwa imepata sheria bora kuliko ya 1951, lakini swali la meya halikujibiwa lote.

Swali hilo lilirudi miaka 35 baadaye, safari hii kwenye Ziwa Michigan. Huko Whiting, katika jimbo la Indiana, karibu na Chicago, kuna kiwanda cha kusafisha mafuta kilichojengwa na Standard Oil mwaka 1889, ambacho kwa sasa ni mali ya BP. Kampuni ilitaka kukipanua kwa dola bilioni 3.8 ili kiweze kusafisha mafuta mazito ya Kanada. Juni 2007 idara ya mazingira ya Indiana ilitoa kibali kilichoongeza kiasi cha amonia kinachoruhusiwa kuingia ziwani kwa asilimia 54, na cha chembe yabisi kwa asilimia 35. Ajira mpya za kudumu zilizotajwa zilikuwa 80.

Chicago hunywa maji ya ziwa hilo. Lakini kiwanda kiko Indiana na Chicago iko Illinois, na saini haikuwa yake. Julai, baada ya kibali kusainiwa na magazeti ya Chicago kuiandika habari hiyo, ghadhabu ilipanda. Meya Richard M. Daley alitishia kwenda mahakamani. Hakuwa peke yake, kwa sababu mwaka 2003 alikuwa ameanzisha umoja wa mameya wa miji iliyo kando ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na sauti ya umoja huo ni nzito kuliko ya mji mmoja. Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kukilaumu kibali hicho kwa kura 387 dhidi ya 26. Tarehe 23 Agosti kampuni ilitangaza kwamba haitatumia nyongeza iliyopewa, itabaki ndani ya viwango vya kibali cha zamani.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ushindi, na mimi sibishi. Lakini mwanahistoria huuliza umepatikanaje. Haukupatikana ndani ya utaratibu wa kibali, bali nje yake, baada ya saini, kwa nguvu ya magazeti, ya mji tajiri na ya wabunge wenye kura. Kampuni ilikubali kwa hiari yake, sheria haikuilazimisha. Je, mji mdogo usio na gazeti wala meya maarufu ungepata nini? Ungepata nakala kwa taarifa.

Sasa nirudi nyumbani, na sirudi kwa kulazimisha mfanano. Mwaka uleule wa 1972, ambapo Wamarekani walikuwa wakiandika sheria yao, sisi tulianza Madaraka Mikoani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi, lakini chombo cha kwanza kuondoka kilikuwa halmashauri ya kuchaguliwa. Halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata. Miji ilirejeshewa halmashauri mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikaurudisha mfumo wa serikali za mitaa nchi nzima, ukaanza kazi mwaka 1984.

Katikati ya kipindi hicho cha ukimya, mwaka 1974, ilitungwa Sheria Na. 42 ya matumizi ya maji, na marekebisho yake ya mwaka 1981 yakaingiza masuala ya majitaka na viwango vyake. Maana yake ni kwamba misingi ya nani atoe ruhusa juu ya mto iliwekwa wakati halmashauri za wilaya hazikuwapo kusema neno. Simlaumu mtu. Ninachosema ni kwamba sheria huwa na kumbukumbu ya siku ilipozaliwa. Chumba kikijengwa wakati mtu hayupo, akirudi hukuta hakuna kiti chake, na anayeketi humo hushangaa kwa nini mgeni analalamika.

Leo hali si ileile. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka maofisa mazingira katika halmashauri na kamati za mazingira hadi ngazi ya kata na kijiji. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekabidhi vibali vya kumwaga majitaka kwa Bodi za Maji za Mabonde, na kwa hoja nzuri: mto haujui mpaka wa wilaya, kwa hiyo anayeusimamia awe na macho ya kuuona tangu chemchemi hadi bahari.

Hoja hiyo naikubali. Tena naongeza nyingine dhidi ya wale wanaotaka kibali kiwe mali ya halmashauri. Halmashauri si malaika. Ile iliyo na kiwanda ndani yake hukipenda, maana hukusanya ushuru na vijana wake hupata vibarua. Anayeumia yuko wilaya ya pili, chini ya mkondo, asikopata ushuru wala kibarua. Tukimpa kila mwenyekiti wa halmashauri rungu la kupitisha na kukataza, tutakuwa tumemwacha yuleyule wa chini ya mkondo bila mtetezi. Stokes mwenyewe aliwaonyesha waandishi wa habari uchafu wa mji wake pamoja na wa viwanda. Hakujidai msafi, na ndiyo maana malalamiko yake yalikuwa na uzito.

Ninachodai ni kidogo kuliko rungu, na ni kigumu zaidi kukikwepa. Kabla ya saini, kila halmashauri ambayo maji hayo yatapita ndani yake, siyo tu ile ambayo kiwanda kimo, ipewe rasimu ya kibali na muda wa kutosha wa kuijadili katika Baraza la Madiwani. Ikitoa maoni na yakakataliwa, ijibiwe kwa maandishi na kwa sababu. Haki ya kujibiwa inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomlazimisha mtoa kibali kufikiri kabla ya kusaini, kwa sababu sababu zikiandikwa zinaweza kusomwa, kuhojiwa na kupelekwa mahakamani. Nakala kwa taarifa haimlazimishi mtu yeyote kufikiri.

Hayo ni ya watunga sheria. Ofisa wangu hawezi kungoja Bunge. Kwa hiyo wiki mbili baadaye, alipobaki tena nyuma ya wenzake, nilimwambia atafute mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu: sampuli ya maji juu ya bomba la kiwanda na chini yake, kila mwezi, mahali palepale, na matokeo yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao cha kamati. Cleveland na Chicago zilikuwa na kelele. Halmashauri isiyo na kelele haina budi kuwa na takwimu. La pili ni tarehe. Kibali huisha, na siku kinapoombwa upya ndiyo siku ambayo mlango hufunguka kidogo. Anayeijua tarehe hiyo mapema huwahi kuweka mguu mlangoni.

Alitoa tena ile nakala mkobani. Tuliipekua pamoja, kurasa zote, chini ya taa ya darasa iliyokuwa ikipepesa. Tarehe ya ukomo ilikuwamo ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Aliinakili kwenye shajara yake, akahesabu miezi kwa vidole, kisha akaniuliza kama naijua maabara inayopima maji kwa bei ambayo bajeti ya halmashauri yake inaimudu.